Televisheni yangu inalipia resho zenu

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, watu wakishatoka kanisani, bayeri wetu, yaani mwenye nyumba, hutoa kiti chake cha plastiki, akakiweka katikati ya lupango, ua tunaopanga, akafungua daftari. Tuko milango saba humu Katuba, Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Mita ya umeme ni moja, choo ni kimoja, na bomba la maji hukumbuka kazi yake usiku wa manane tu. Choo na bomba hatujawahi kuvigombania sana. Umeme ndio unaotutoa povu.

Bayeri ana kanuni aliyoitunga mwenyewe. Taa ni nukta moja. Televisheni nukta tatu. Friji nukta nne. Mwisho wa mwezi anajumlisha nukta, anagawa pesa ya umeme, na kila mlango unajua deni lake. Resho, jiko la umeme la kupikia, haina nukta. Siku ya kwanza nilipouliza sababu, alinitazama kwa huruma. "Mama, kila mtu ana resho. Utamtoza mtu kwa sababu anakula?"

Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu ndicho karakana, ndicho jiko mvua ikinyesha, na ndicho sinema ya lupango, maana televisheni inayofanya kazi humu ni yangu peke yake. Kulikuwa na ya pili, ya kijana wa mlango wa nyuma. Usiku mmoja umeme ulirudi kwa hasira baada ya kukatika siku mbili, tukasikia "pa!", kisha harufu. Tangu siku hiyo mimi huchomoa waya kila umeme unapokwenda, na ukirudi nasubiri kwanza niione taa imetulia. Wapangaji wapya hudhani nina mizimu.

Basi nukta tatu nimelipa miaka mitatu. Ningelipa kimya kama si maneno. Mita ikikimbia, ni sinema za Mama Cherehani. Bukari, ugali wetu, ikiungua, ni sinema za Mama Cherehani. Mtoto akipata sifuri ya hesabu, vilevile. Anayesema zaidi ni Mama Mapacha wa mlango wa nne, na naomba ieleweke kwamba nampenda, kwa sababu jioni ya siku hiyohiyo ya mkutano ndiye wa kwanza kufika kwangu na kigoda chake, akachagua pembe nzuri.

Mwaka jana, wakati wa baridi ya mwezi wa saba, mtoto wa bayeri alirudi likizo. Anasoma umeme shule ya ufundi. Nilimwuliza tu, kwa mdomo wa kupoteza muda, kama kuna njia ya kujua kifaa gani kinakula nini. Akacheka. Akanipeleka kwenye mita, akanionyesha kitaa chekundu kidogo kama jicho la panya, kinachomweka. Chini yake pameandikwa namba 1000. Maana yake, akasema, kila kikimweka mara elfu moja, umekula uniti moja. Hesabu mimweko, utamjua mwizi.

Tukangoja siku umeme uwepo mchana na watu wengi wakiwa sokoni. Tulipita mlango kwa mlango tukiomba waliobaki wazime vyote, tukisema ni matengenezo. Mungu atatusamehe. Kisha nikawasha televisheni na dekoda yake. Kijana alishika simu kwa ajili ya sekunde, mimi nikainama mbele ya kile kijicho.

Hakikumweka. Tukasubiri. Nilidhani mita imeharibika. Kikamweka mara moja. Tukasubiri tena, hadi goti likaniuma, karibu dakika nzima, kikamweka mara ya pili. Mara moja kwa dakika! Ile televisheni bapa niliyonunua kwa mkono wa pili, pamoja na dekoda, inatumia takribani wati sitini, sawa na balbu ya zamani ya kioo.

Tukazima. Tukaweka resho ya Mama Mapacha mwenyewe, ile ya udongo yenye waya uliojikunja kama utumbo wa kuku. Waya ukaanza kuiva, mwekundu. Kile kijicho kikachanganyikiwa. Nilishindwa kuhesabu, kijana akahesabu: mara ishirini na tano kwa dakika.

Kaa na hiyo hesabu kidogo. Maharage makavu kwa resho ni saa tatu, na kama ni ya zamani ni zaidi. Saa tatu za resho ni saa sabini na tano za televisheni yangu. Mimi hutazama saa tano kwa siku, umeme ukiruhusu. Sufuria moja ya maharage ni nusu mwezi ya sinema za Mama Cherehani.

Hapa sina budi kuungama. Kijana, kwa uadilifu wa shule, akataka kupima na pasi yangu ya umeme, ile ninayonyooshea mishono. Kumi na saba kwa dakika. Pasi angalau hupumzika ikishapata moto, lakini kumi na saba ni kumi na saba, na kwenye daftari la bayeri pasi nayo haina nukta. Nilimwambia hilo tutalitazama siku nyingine.

Jumapili iliyofuata niliisimamia hoja yangu kama wakili. Nilieleza kijicho, namba 1000, maharage. Watu walicheka, wengine wakaenda kuangalia wenyewe. Hakuna aliyebisha hesabu. Bayeri akafunga daftari, akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike haya: "Nimesikia, Mama. Lakini kupika ni lazima. Kutazama ni starehe."

Kumbe miaka yote mitatu sikuwa nalipa umeme. Nilikuwa nalipa ushuru wa starehe.

Na tusidanganyane, hata resho humu si ya lazima kwa maana ile ya zamani. Kila mlango una mbabula yake, jiko la mkaa. Resho ilishinda kwa sababu gunia la makala, huo mkaa, limepanda kila mwaka tangu nijue kuhesabu pesa, misitu imekimbia, na wanaume wa baiskeli wanaleta makala kutoka mbali zaidi kila msimu. Umeme wa kugawana ukiwepo, sufuria inahamia kwenye waya. Ni akili, simlaumu mtu. Ninalokataa ni akili hiyo ikalipiwe na mwenye televisheni, kisha aambiwe ndiye mharibifu.

Sasa hiyo starehe yenyewe ni nini? Njooni saa moja na nusu jioni muone. Wanawake sita, watoto wasiohesabika, na Muzee wa mlango wa kwanza, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, ambaye hutangaza kwamba amekuja kwa ajili ya habari tu. Tamthilia ni ya Kifaransa cha kutafsiriwa, midomo inakwenda huku na sauti kule. Nusu ya kina mama hawakisikii Kifaransa hicho. Anayewatafsiria ni binti wa mlango wa tano, miaka kumi na minne, amekaa sakafuni mgongo ukiwa kwenye cherehani yangu. Tajiri wa kule ng'ambo akisema sentensi tatu za mapenzi, binti anatoa moja: "Anasema atamwoa, lakini mama yake hataki, kama ile ya dada Mado." Lupango zima linajua kisa kinachotajwa, linaangua kicheko, na ghafla tunazungumza mambo ambayo mkutano wa Jumapili haujawahi kuyagusa: mahari iliyobaki nusu, mkwe anayekuja kila siku wakati wa kula, mume aliyekwenda mgodini akarudi na simu mbili. Wenye mambo yao wanasikiliza huku wanatazama kioo, hawalazimiki kuangaliana usoni. Mimi nimesuluhishiwa ugomvi na dada yangu pale pale, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la mchuzi wa vidonge.

Bukari nayo hupikwa kwa matangazo. Tangazo la kwanza, maji yawekwe. La pili, unga. Ikiungua ni kwa sababu sehemu hiyo mtu alikuwa anafichuliwa siri, na hapo hata mimi nimeacha nguo chini ya pasi.

Muzee ana malalamiko yake. Anasema televisheni ni bwana asiyejali usingizi wa mtu, na ana ushahidi: Ali na Foreman, Kinshasa, Oktoba 30, 1974, walipigana saa kumi alfajiri ili Wamarekani watazame jioni yao. "Hata Mobutu aliamshwa na televisheni," anasema. Halafu anasimulia jinsi habari za zamani zilivyokuwa zinaanza, uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni, na yeye akiwa kijana, kwenye nyumba ya jirani wa kambi, hakujua kama inafaa kucheka. Habari za Kiswahili zikianza ananyamaza. Mtangazaji akisema neno asilolipenda, Muzee analirekebisha kwa sauti, sisi tunapoteza sentensi mbili. Lakini ikitajwa Zambia na mahindi, kimya kinakuwa cha kanisani. Hapa kwetu kila mtu anajua: Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, ikikohoa, meka ya unga, kile kipimo cha sokoni, inapanda bei Katuba. Nimewahi kuona Mama Mapacha akitoka katikati ya habari, shuka kiunoni, kwenda kuamsha mwenye duka anunue kabla ya asubuhi. Mwambieni hiyo ni starehe.

Na mpira. Wa Mazembe, timu ya hapa kwetu, siuelezi, kwani mtu wa Lubumbashi anayehitaji kuelezwa Desemba 2010, kipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio kule Abu Dhabi baada ya Internacional ya Brazil kulala mbili bila, huyo ni mgeni. Nataka kusema juu ya usiku mwingine, wa Léopards, timu yetu ya taifa. Kombe la Afrika la Côte d'Ivoire, Januari 28, 2024, tulikaa mpaka saa saba kasoro usiku kwa Misri, penalti kwa penalti, hadi kipa Mpasi akapiga ya mwisho mwenyewe tukashinda nane kwa saba. Kigoda kimoja kilivunjika, hakijalipwa.

Halafu Februari 7, nusu fainali na wenyeji, saa nne usiku. Chumba kilijaa hadi wengine walikuwa wanatazama kupitia dirishani. Wimbo wa taifa ukaanza. Kamera ikapita kwa wachezaji mmoja mmoja: mkono wa kulia umeziba mdomo, vidole viwili vya kushoto panjani, kama bunduki. Kwa ajili ya mashariki ya nchi yetu, watu wanaouawa na dunia imenyamaza. Hakuna aliyesema kitu chumbani. Mama Mapacha ana dada yake Goma, huko huko mashariki. Tulikuwa tunajua, kwa namna ile mtu anavyojua kwamba jirani ana dada mahali. Akaanza kulia bila sauti, na Muzee, ambaye tangu nihamie humu sijamwona akimgusa mtu, akamwekea mkono begani akauacha pale mpaka mpira ulipoanza. Tulifungwa moja bila. Bao lenyewe silikumbuki vizuri.

Kesho yake michango ilipita mlango kwa mlango, ya dada wa Goma. Bayeri alitoa zaidi ya wote, na hilo nalisema kwa haki yake.

Najua mtaniambia kila mtu siku hizi ana simu, atatazama humo. Watoto wa mlango wa sita wanafanya hivyo, kila mmoja pembe yake, na sikio limezibwa. Wanamaliza megabaiti za baba yao na hawajui dada wa nani yuko wapi. Sisemi ni wabaya. Nasema simu haina nafasi ya kigoda. Na kweli kwangu kuna makosa: watoto wanalala kwa kuchelewa, na yule binti mtafsiri ameanza kumwita mama yake "Madame", jambo lililomletea kofi. Sasa saa tatu usiku nawatoa wadogo wote, wakinung'unika, isipokuwa siku za Léopards.

Hesabu ya kijicho haikupotea bure. Mwezi wa tisa bayeri alibadilisha kanuni: resho nukta tano. Televisheni imebaki tatu, "kwa ajili ya kelele", na pasi nukta mbili, maana mtoto wake ana mdomo mrefu. Siku ya kuhesabu vifaa alipita na daftari, mlango kwa mlango. Lupango lenye resho saba lilikutwa na resho moja, ya Muzee, ambaye hajui kudanganya. Nyingine zote, waliapa, ziliuzwa au ziliharibika.

Tumefika Februari sasa. Ukipita kwetu saa sita usiku utasikia harufu ya maharage ikitoka chini ya vitanda, na nikitoka kwenda chooni naona kile kijicho chekundu ukutani kinamweka mbio gizani, hakishikiki. Juzi kwenye mkutano Mama Mapacha alisimama akauliza kwa nini umeme wa mwezi huu umepanda tena, akanitazama mimi.