Shomoro Ndani ya Kofia ya Casey Stengel

Besiboli hunichosha. Casey Stengel, mchezaji na kocha wa zamani wa mchezo huo, hanichoshi hata kidogo.

Alizaliwa Kansas City, Marekani, mwaka 1890, na hilo jina la Casey lilitokana na herufi za mji wake, K na C. Alisomea udaktari wa meno, akaacha, akaingia uwanjani. Alichezea Brooklyn, timu ya New York, kisha akauzwa. Siku aliporudi huko na jezi ya Pittsburgh, mashabiki wakamzomea. Akavua kofia kwa adabu zote, akainama, na shomoro akachomoka humo akapaa zake. Umzomee nani tena?

Ukocha ulimwanzia vibaya. Huko Brooklyn na baadaye Boston alifungwa mno, akaonekana mchekeshaji tu. Mwaka 1943 teksi ilimgonga Boston akavunjika mguu, na mwandishi mmoja wa michezo akapendekeza dereva apewe tuzo kwa kuisaidia timu. Ukatili gani huo!

Mwaka 1949 Yankees, klabu kubwa ya New York, wakamkabidhi timu. Akabeba World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, mara tano mfululizo (Wamarekani huuita ubingwa wa dunia, ingawa wakati huo timu zote zilikuwa za kwao). Porojo zake zilikuwa zile zile za Boston, ila sasa watu walizinukuu kama maneno ya busara.

Wengi walidai mzee hajui anachosema. Mimi siafiki. Mwaka 1958 maseneta walimwita kumhoji kuhusu besiboli na sheria za ukiritimba. Aliongea na kuongea, sentensi moja ikimeza nyingine, mpaka ukumbi ukavunjika mbavu na maswali yakabaki yanaelea. Akafuata mchezaji wake Mickey Mantle, naye akasema maoni yake yanakaribiana na ya Casey. Kwangu hiyo ni akili: umeitwa useme juu ya matajiri wanaokulipa, ukatoka hujamkosea mtu.

Mwaka 1960 akapoteza fainali, wakamfukuza. Akasema hatarudia tena kosa la kufikisha miaka 70.

Akaenda Mets, timu mpya iliyookoteza wachezaji walioachwa na wengine. Msimu wa 1962 walishinda mechi 40, wakapoteza 120. Na hapo ndipo ninapompenda zaidi. Kila kipigo kilipoisha, waandishi walimzunguka yeye, na yeye akawapa maneno mpaka kalamu zikachoka, huku vijana wake wakioga na kwenda zao kulala.