Gari la Kukusanywa Kesho ni Lile Ambalo Fundi Ataweza Kulifufua

Siku hizi gari la mwendo kasi likitangazwa, haliachi kuja na toleo maalumu. Yatatengenezwa 500 tu, au 999, kila moja na kibati cha namba yake kwenye dashibodi. Kabla hata halijatoka kiwandani, watu wameshaanza kusema hilo ndilo gari la kihistoria la kesho, la kukusanywa na wapenzi wa magari, linunue ulifunike turubai usubiri lipande bei. Mimi sikubaliani na ushauri huo. Uchache uliopangwa na idara ya mauzo ni kipimo dhaifu sana, na historia ya magari imeshatuonyesha hivyo zaidi ya mara moja.

Mwaka 1978 Chevrolet ilitoa Corvette ya kumbukumbu ya mbio za Indianapolis 500, nyeusi juu na fedha chini. Yalitengenezwa magari 6,502. Watu waliyagombania, wakalipa juu ya bei ya kiwanda, wengine wakayaingiza gereji bila kuyaendesha na plastiki za viti hawakuzitoa. Kilichotokea ni kwamba kila mtu alihifadhi. Leo bado unayaona mnadani yakiwa na kilomita chache mno, na ukiondoa mfumuko wa bei, kwa kawaida hayarudishi hata ile hela ya mwanzo. Gari ambalo wote wamelitunza halina sababu ya kuwa adimu.

Porsche nao walitoa 911 R mwaka 2016, magari 991, injini ya lita 4.0 na gia za mkono tu. Bei ilipaa mara kadhaa ya ile ya kiwandani kwa sababu wanunuzi waliamini Porsche hawatarudia tena kuweka gia za mkono kwenye 911 ya aina ile. Mwaka uliofuata 911 GT3 ikatoka na gia za mkono, na bei za 911 R zikashuka. Ni gari zuri ajabu, sina ubishi, na ninaamini litaheshimiwa miaka mingi. Lakini waliolinunua kama hisa za soko la mitaji walikuwa wamekabidhi hesabu yao kwa kiwanda, na kiwanda hakikuwa na deni nao.

Sasa linganisha na Volkswagen Beetle. Yametengenezwa zaidi ya milioni 21, la mwisho likatoka Puebla, Meksiko, mwaka 2003. Kwa hoja ya uchache, Beetle lisingetazamwa na mtu. Lakini lina vilabu, lina wapenzi wa rika zote, na yale ya mwanzo yaliyobaki katika hali ya asili yana bei ya maana. Kwa nini? Kwanza, watu wana historia nalo. Pili, mtu mwenye spana na uvumilivu anaweza kulishusha injini na kuirudisha. Naona watabiri wengi hulikumbuka hilo la kwanza na kulisahau la pili.

La kwanza halina ugumu. Mtu hutafuta akiwa na miaka 45 gari alilolitamani akiwa na 15 na mfuko mtupu. Ndiyo maana Toyota Supra ya 1993 hadi 2002 na Nissan Skyline GT-R R34 zimepanda hivi: waliokulia kwenye michezo ya video kama Gran Turismo, iliyoanza mwaka 1997, sasa wana kazi na akiba. Sheria nazo zilisukuma. Marekani, gari ambalo halikujengwa kwa viwango vya usalama vya huko haliingii kirahisi mpaka litimize miaka 25, kwa hiyo R34 za kwanza zilianza kufunguliwa mlango mwaka 2024, na wauzaji walikuwa wameshaihesabu siku hiyo mapema. Ukitaka kujua nini kitatafutwa mwaka 2045, angalia vijana wa leo wameweka picha gani kwenye simu zao.

Hilo la pili ndilo linalonikosesha usingizi.

Chukua taa ya mbele. Kwenye gari la miaka ya 1990, taa ikizima unafungua boneti, unavua kile kifuniko cha mpira nyuma ya taa, unachomoa balbu, unaweka mpya, unaondoka. Kwenye magari mengi ya sasa, taa ni boksi lililofungwa kwa gundi. Ndani mna vijitaa vya LED vilivyokaa juu ya sakiti, mota ndogo ya kugeuza mwanga, wakati mwingine feni ya kupoza, na kompyuta ya taa yenyewe. Kijitaa kimoja kikifa, mara nyingi unaambiwa nunua taa nzima. Na ukishainunua, huenda isifanye kazi sawasawa mpaka programu ya kiwanda iitambulishe kwa kompyuta ya gari. Hiyo ni taa tu. Bado kuna skrini, usukani wa umeme, rada ya bampa, vitasa vinavyojitokeza vyenyewe. Leo spea zipo. Nauliza miaka 30 ijayo, kiwanda kikiwa kimeshafunga ukurasa wa modeli hiyo, nani atakuwa na programu ile?

McLaren F1 ilikwishatupa onyo. Yalitengenezwa magari 106 pekee, na 64 kati ya hayo ndiyo ya kawaida ya barabarani. Mwaka 2021 moja liliuzwa mnadani Pebble Beach kwa dola milioni 20 na ushei. Hata hivyo, kwa miaka mingi mafundi wa McLaren walilazimika kutunza kompyuta za mkononi za Compaq za miaka ya 1990, kwa sababu kadi maalumu ya kuongea na gari hilo ilifanya kazi kwenye mashine hizo tu. Gari la mamilioni ya dola lilikuwa likitegemea kompyuta iliyopitwa na wakati. Kwa F1 pesa zipo, na suluhisho litapatikana. Kwa sedani ya bei ya wastani, gari likishuka thamani kuliko gharama ya kompyuta yake, safari yake ni ya kwa wauza vyuma chakavu.

Kwa hiyo ninapotabiri, ninauliza kwanza kama fundi hodari asiye na kibali cha kiwanda anaweza kulirudisha gari hilo barabarani.

Kwa kipimo hicho, BMW 1 Series M Coupé ya mwaka 2011 imeshapita. Kiwanda kilikusudia magari machache zaidi, wateja wakayataka, yakafika 6,309. Yote yana gia sita za mkono, na sehemu nyingi za chini zilichukuliwa kwenye M3 ya wakati huo, maana yake spea hazitegemei uhai wa modeli moja. Halijashuka bei kama BMW nyingine za umri wake.

Toyota GR Yaris ndilo ninaloliwekea dau kubwa zaidi. Lilitoka mwaka 2020 kwa sababu Toyota walihitaji msingi wa gari la mashindano ya rali. Injini ya silinda tatu, lita 1.6 yenye turbo, nguvu inakwenda magurudumu yote manne, milango mitatu wakati Yaris ya kawaida ina mitano, paa la kaboni. Bodi kama hilo halikuwa na maana ya kibiashara, na magari ya namna hii, yaliyozaliwa kwa ajili ya kanuni za mashindano, yameshathibitisha nguvu yake: tazama Lancia Delta Integrale au Mercedes 190E Evolution II, iliyotengenezwa 502 tu. Tena GR Yaris zinaendeshwa, zinagongwa, zinapelekwa kwenye mashindano ya mitaa. Zitapungua zenyewe. Safi zilizobaki zitapata heshima yake.

Nina imani pia na Mazda MX-5 ya kizazi cha sasa. Mazda walishatimiza MX-5 milioni moja mwaka 2016, na bado nalitaja. Ni jepesi, karibu kilo 1,000, injini haina turbo, gia za mkono zina mwendo mfupi mkononi, na kuna wapenzi wengi mno wa kuhakikisha spea haziishi. Mwaka 2017 Mazda wenyewe walitangaza Japani kazi ya kukarabati MX-5 za kizazi cha kwanza. Porsche wanachapisha kwa printa za 3D spea za magari yao ya zamani, mojawapo ikiwa kipande cha klachi cha modeli ya 959. Toyota wanatengeneza upya spea za Supra. Kiwanda chenye tabia hiyo kinaongeza thamani ya gari kuliko kibati chochote cha namba.

Lexus LFA ninaipa nafasi yake bila kusita. Magari 500, injini ya V10, yaani silinda kumi, ya lita 4.8, na mshale wa mizunguko ya injini umechorwa kwenye skrini kwa sababu injini ilipanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika ndani ya sekunde 0.6 na mshale wa kawaida ungeachwa nyuma. Baadhi yalikaa kwa wauzaji miaka kadhaa baada ya uzalishaji kwisha mwaka 2012, na leo yanauzwa juu sana ya bei yake ya awali.

Kuhusu magari ya umeme, wapo wanaosema hayatakusanywa kamwe. Sioni hivyo. Tesla Roadster ya 2008 hadi 2012, takriban magari 2,450, ni mwanzo wa zama, na mwanzo wa zama haukosi mwenye kuutafuta. Lakini dau langu liko kwa BMW i3. Yametengenezwa takriban 250,000, kibanda chake ni cha nyuzi za kaboni kwa hiyo hakiozi kwa kutu, na betri yake imegawanywa katika moduli nane, hivyo fundi wa umeme anayejua kazi anaweza kushughulika na moduli moja mbovu badala ya kutupa betri nzima. Lina sura ambayo hakuna aliyeirudia. Linganisha na Fisker Ocean: kampuni ilifilisika Juni 2024, na wenye magari wakabaki wakihangaikia seva na masasisho ya programu kwa gari ambalo wakati huo lilikuwa halijafikisha hata miaka miwili. Uchache linao. Hautalisaidia.

Kama tayari unalo mojawapo ya haya, liendeshe, kwa sababu mipira hukauka na breki hushika kutu zaidi likisimama. Ila usitupe kitu. Ukibadilisha rimu, weka zile za kiwanda. Ukibadilisha redio, ifunge kwenye boksi uiandike jina. Tunza funguo zote mbili, vitabu, na risiti za kila matengenezo. Na ukikutana na fundi aliyepata kihalali nakala ya programu ya kuzungumza na kompyuta ya gari lako, mlipe vizuri na uchukue namba yake ya simu.