Acheni kuizika kompyuta

Inanikera sana mtu anapotangaza kwamba kompyuta ya mezani imekufa. Ni kweli, Oktoba 2016 StatCounter, kampuni inayopima matumizi ya intaneti, walionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza duniani, simu na tableti zimeipita kompyuta kwa kufungua kurasa za intaneti: asilimia 51.3 kwa 48.7. Sawa. Lakini mpe huyo mtangazaji jedwali la hesabu lenye safu 30 alisahihishe kwa kidole gumba, huku kibodi imeshafunika nusu ya kioo! Au aandike tasnifu. Hata programu za iPhone huandaliwa kwa Xcode, zana ya Apple ya kutengenezea programu, nayo inataka kompyuta ya Mac.

Kinachoniuma zaidi ni vijana wetu. Mtu anamaliza kidato cha nne akiwa stadi wa simu, hajawahi kupanga mafaili kwenye folda, kisha ofisini anawekewa kompyuta na kuambiwa ripoti itoke kabla ya saa kumi. Anaonekana mzembe, kumbe hakuna aliyemfundisha. Na nyie mnaofunga maabara za kompyuta shuleni kwa kisingizio kwamba "siku hizi kila mtu ana simu", wafungulieni watoto milango hiyo, tena kesho asubuhi.