Jacqueline de Romilly apimwe kwa usomaji wake

Kila anapotajwa Jacqueline de Romilly, mtaalamu Mfaransa wa Kigiriki cha kale, jambo linalotangulizwa ni kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza. Ni kweli. Mwaka 1930, wasichana waliporuhusiwa kwa mara ya kwanza kushiriki Concours général, yaani mashindano ya kitaifa ya wanafunzi bora wa sekondari nchini Ufaransa, alishika nafasi ya kwanza katika Kilatini na ya pili katika Kigiriki. Mwaka 1973 akawa profesa wa kwanza mwanamke katika Collège de France, taasisi mashuhuri ya elimu ya juu mjini Paris, na miaka miwili baadaye akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Académie des inscriptions et belles-lettres, baraza la wataalamu wa historia na lugha za kale. Alipoingia Académie française, baraza la lugha ya Kifaransa, mwaka 1988 alikuwa mwanamke wa pili, akitanguliwa na mwandishi Marguerite Yourcenar. Siyabezi hata kidogo mambo hayo, kwa sababu milango hiyo haikuwa imejifunga yenyewe. Lakini orodha hiyo, ikirudiwa bila kuongezewa kitu, inamdhulumu. Inatueleza jinsi taasisi zilivyochelewa, wala haituelezi yeye alifanya nini.

Alichofanya ni kusoma, na kusoma kwa kina ambacho nakiona kwa nadra sana. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma aliitumia kwa mwandishi mmoja: Thucydides, Mgiriki wa karne ya 5 KK aliyeandika habari za vita kati ya Athene na Sparta. Alimfasiri kwa Kifaransa, baadhi ya vitabu vya historia yake peke yake na vingine pamoja na wenzake, na tasnifu yake iliyochapishwa mwaka 1947, Thucydide et l'impérialisme athénien, ilihusu namna mwanahistoria huyo alivyouona ubeberu wa mji wake mwenyewe. Kwa takriban miaka mia moja wataalamu walikuwa wakibishana ni kurasa zipi za Thucydides ziliandikwa mapema na zipi baadaye, hata ikafika mahali kazi nzima ikaonekana kama vipande vilivyounganishwa. De Romilly hakulikwepa swali hilo. Alilishika wazo moja, la ubeberu, akalifuata kitabu hadi kitabu, akaonyesha kwamba limeshikamana tangu mwanzo hadi mwisho.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa kisiwa cha Melos, mwaka 416 KK. Waathene wanawataka wenyeji wasalimu amri, wenyeji wanataja haki, na Waathene wanawajibu kwamba haki huzungumzwa pale tu nguvu zinapolingana. Wahenga wetu walisema mwenye nguvu mpishe. Waathene walilitamka jambo hilo hilo mbele ya watu waliokuwa karibu kuangamizwa. Wanaume wa Melos wakauawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani. Mara baada ya hapo Thucydides anaanza kusimulia safari ya kivita ya Sisilia, ambako Athene ilipoteza jeshi na merikebu zake. Msomaji mwenye haraka ataona matukio mawili yanayofuatana. Aliyefunzwa na de Romilly ataona hamu moja ya kutawala, ambayo kila ikishinda inazidi kutaka, hadi inajiangamiza.

De Romilly, aliyeandika hayo, hakuwa mtu aliyeishi mbali na nguvu za namna hiyo. Alizaliwa Chartres mwaka 1913, na baba yake, Maxime David, mwalimu wa falsafa, aliuawa vitani mwaka uliofuata. Baba huyo alikuwa Myahudi, na kwa sababu ya nasaba hiyo serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, ilimzuia binti yake kufundisha wakati Ufaransa ilipokuwa imekaliwa na Wajerumani. Siwezi kuamini kwamba msomaji aliyepitia miaka hiyo aliyasoma majibu ya Waathene kama zoezi la sarufi. Hata hivyo, alichotupa si malalamiko yake, bali uchambuzi ambao yeyote anaweza kuuhakiki mstari kwa mstari, na kwangu hiyo ni heshima kubwa kwa msomaji.

Kitabu ninachokipenda kuliko vyote ni Histoire et raison chez Thucydide, cha mwaka 1956. Humo anachukua masimulizi ya kuzingirwa kwa Sirakusa, mji wa Sisilia, na kuyatazama kwa karibu. Waathene wanajenga ukuta wa kuufunga mji, na wenyeji wanajenga wa kwao wa kuukata njia. Thucydides anatoa hatua za ujenzi huo kwa maneno machache, anaacha mengi ambayo mwanahistoria mwingine angeyaeleza, na hatima ya vita inaning'inia kwenye mawe. Ukuta wa wenyeji unapoupita ule wa adui, waliozingira wanageuka kuwa waliozingirwa, jambo ambalo jemadari wa Athene, Nicias, mwenyewe analikiri katika barua yake. De Romilly anathibitisha kwamba uteuzi wa maneno, mpangilio wake na yale yaliyoachwa ndiyo hoja yenyewe. Hakuna maelezo ya falsafa yaliyobandikwa juu; fikra imo ndani ya usimulizi.

Alianza kufundisha katika shule za sekondari, kisha Lille kuanzia 1949, Sorbonne kuanzia 1957, na hatimaye Collège de France hadi 1984. Mwaka huo alipostaafu alitoa L'Enseignement en détresse, kuhusu hali mbaya ya elimu nchini mwake, na mwaka 1992 akaanzisha chama cha kutetea ufundishaji wa fasihi na lugha za kale. Waliomwona kama bibi anayelilia shule za zamani walikosea. Alijua kwamba usomaji kama wake hauanzii chuo kikuu. Unaanzia kwa mtoto anayetakiwa kueleza kwa nini sentensi imekaa hivyo. Mimi ninayefundisha fasihi naliona hilo kila muhula.

Sikubaliani naye katika kila jambo. Anapoisifia Ugiriki kama chimbuko la fikra za ulimwengu mzima, kama anavyofanya katika Pourquoi la Grèce?, naona watumwa waliolima mashamba ya Athene wanakuwa wepesi mno katika mizani yake. Ugiriki ilimpa uraia mwaka 1995, na mapenzi hayo ya pande mbili yanaeleweka. Ila dawa ya sifa hizo imo katika tasnifu yake mwenyewe, ambamo Athene haipewi nafasi ya kujificha nyuma ya uzuri wake.

Alifariki Desemba 2010 akiwa na miaka 97, macho yake yakiwa yamekwisha kufifia. Tasnifu yake ilitafsiriwa kwa Kiingereza mwaka 1963, na kitabu cha mwaka 1956 kikafuata mwaka 2012, kwa hiyo hata asiyejua Kifaransa anaweza kumfikia. Ningemshauri aanze na hicho cha pili, sura ya kwanza, na maandishi ya Thucydides yakiwa wazi pembeni.