Mchanga au Nyasi: Farasi wa Nairobi Akanyage Nini?

Kila masika yanapokaribia, wenye farasi wa Karen na Lang'ata huurudia mjadala uleule: uwanja wa kufungulia na kufanyishia farasi mazoezi umwagwe mchanga, au uachwe na nyasi zake? Kila upande una hoja nzito. Hata hivyo, naona kwamba pande zote mbili hutazama mno kile kinachoonekana juu na kusahau udongo ulio chini yake.

Udongo mweusi unaotanda kusini mwa jiji hadi nyanda za Athi huvimba unapolowa na kusinyaa unapokauka. Kati ya Machi na Mei, farasi wa kilo 450 huzama ndani yake kupita kwato, tope linalonata humng'oa viatu, na sehemu laini ya chini ya ukwato, ikishinda katika unyevu na mavi, huanza kuoza. Ukame unapoingia, udongo huohuo huwa mgumu na wenye nyufa, na farasi anayekimbia juu yake huweza kuteguka mguu. Anayeishi Kikuyu au Limuru, kwenye udongo mwekundu unaopitisha maji vizuri, hana sababu kubwa ya kuingia katika gharama nitakazozitaja.

Wanaotetea nyasi wana ushahidi wa karibu: uwanja wa mbio wa Ngong, uliofunguliwa mwaka 1954, hukimbiwa juu ya nyasi. Tena nyasi za kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda hizi za juu za Afrika Mashariki, hutambaa na kufuma mizizi inayostahimili kukanyagwa kuliko nyasi nyingi. Lakini uwanja wa mbio ni mpana na haukimbiwi kila siku. Nusu ekari yenye farasi wanne haipati mapumziko hayo. Langoni na kando ya birika la maji, mahali ambapo farasi husimama wakisubiri saisi, yaani mtunza farasi, awaletee chakula, nyasi hutoweka kabla mvua hazijaisha.

Mchanga, kwa upande wake, humpa mpandaji uwanja wa kutumika mwaka mzima. Mwaka 2014 Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Farasi lilitoa waraka kuhusu viwanja, unaovipima kwa ugumu wakati ukwato unapogonga, uwezo wa kupunguza kishindo, jinsi vinavyourudisha mguu juu, mshiko, na usawa wa uwanja wote. Mchanga uliochaguliwa vizuri hufikia mengi ya hayo, lakini uliochaguliwa vibaya hudhuru. Ukizidi kina, farasi hulazimika kujivuta, na kano za nyuma ya miguu huumia. Kwa kawaida sentimita 5 hadi 10 hutosha, na ni busara kuanza na chache. Chembe za mviringo, kama zilivyo nyingi za mchanga wa mtoni na wa pwani, huteleza zenyewe kwa zenyewe, ilhali zenye pembe hushikana. Kabla ya kulipa lori, tia konzi mbili za mchanga kwenye chupa ya maji, itikise na uiache itulie: tope likijitenga kwa tabaka nene juu ya mchanga, huo utatimua vumbi Januari na kuganda Aprili.

Gharama nayo si ndogo. Uwanja wa mita 20 kwa 40, kwa kina cha sentimita 10, unameza mita 80 za ujazo, yaani takriban tani 120. Mchanga huo huchotwa katika mito ya watu wengine. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mwaka 2015, na sioni kwamba starehe ya kupanda farasi inatosha kuwa kisingizio cha kutouliza lori limetoka wapi. Kisha kuna maji ya kutuliza vumbi, yanayoletwa na boza, yaani lori la tangi, maana vumbi laini huumiza mapafu ya farasi na ya saisi pia.

Hoja nzito zaidi dhidi ya mchanga iko tumboni. Farasi anayeokota nyasi kavu zilizomwagwa juu ya mchanga huumeza pamoja nazo, nao hujikusanya katika utumbo mpana hadi kuleta maumivu makali ya tumbo. Njia rahisi ya kuchunguza ni kuyeyusha mavi yake katika ndoo ya maji na kuona kinachotuama chini, ingawa ndoo isiyo na mchanga haithibitishi kwamba tumboni hamna. Hoja hii, hata hivyo, inahusu mahali anaposhinda farasi, si mahali anapofanya mazoezi kwa saa moja akiwa na lijamu kinywani. Ndiyo maana nashauri sehemu hizo mbili zitenganishwe.

Maranda na vibanzi vya mbao sivitilii maanani sana: ni rahisi kupatikana na laini, lakini mvua huviozesha, navyo vikioza huteleza.

Linalobaki ni msingi. Mchanga uliomwagwa moja kwa moja juu ya udongo mweusi huchanganywa nao na kwato, na baada ya msimu mmoja mwenye uwanja huwa na tope ghali. Inafaa udongo wa juu uondolewe, moramu, ule udongo wa changarawe unaotumika barabarani, ishindiliwe kwa tabaka, uwanja upewe mteremko wa asilimia 1 hadi 2, na mtaro uchimbwe upande wa chini. Fedha zikiwa chache, mimi ningeanza na msingi wa langoni na wa kando ya birika, nifunge sehemu ya nyasi wakati wa masika, na mchanga nisubiri kuununua mwaka unaofuata. Kwenye moramu tupu farasi atatembezwa tu bila kukimbizwa, na mpandaji atalalamika.