Amri ya 1897 Zanzibar: tuiite ukombozi?

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri ya kufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Wengi huiita siku ya ukombozi wa watumwa. Lakini kukomboa, kama ajuavyo aliyewahi kuweka rehani, ni kulipa ili kitu kirudi. Hapa fedha ya serikali ilimwendea bwana kama fidia. Aliyekuwa mtumwa hakupewa hata kipande cha ardhi.

Wanaolitetea neno hili wana hoja nzuri. Tangu siku ile mahakama haikusikiliza tena dai la bwana juu ya mtumwa wake, kwa hiyo aliyeondoka hakuweza kurudishwa kwa nguvu ya sheria. Si jambo dogo hilo, hasa msimu wa karafuu, kila shamba linapotaka wachumaji kwa wakati mmoja. Ghafla mtumwa wa jana akawa mtu wa kubembelezwa.

Tatizo liko ndani ya amri yenyewe. Haikumwacha yeyote huru papo hapo: aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe kuuomba mahakamani. Akishaupata, athibitishe ana makao maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo atangazwe mzururaji. Makao yangekuwa wapi, ilhali mashamba ni ya mabwana wale wale? Wengi walibaki palepale, wakilima vijishamba vyao chini ya mikarafuu na kulipia kwa siku kadhaa za kazi kila wiki. Arthur Hardinge, mwakilishi wa Uingereza, alitaka mambo yaende polepole, karafuu isianguke na mapato ya serikali yakaanguka nayo. Kwa mhasibu, hoja hiyo inaeleweka. Ila gharama ya upole huo aliibeba mtumwa.

Masuria ndio waliosahaulika zaidi, au tuseme walikumbukwa ili waachwe. Amri iliwahesabu kama wake wa nyumbani, wabaki walipo isipokuwa wathibitishe ukatili. Suria asiyezaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya mahakama, na hapo neno linakaa sawasawa, kwa maana yake kavu kabisa. Ilibidi ingojewe amri nyingine, ya 1909, ndipo nao wafikiwe.

Kwa hiyo mimi siiti 1897 ukombozi. Naiita kuondolewa kwa mkono wa dola uliomshikia bwana kamba. Kilichofuata walikifanya wenyewe: waliohama shamba, waliopatana ujira, wanawake walioiacha kaniki ya utumwani wakajinunulia kanga na kujifunika vichwa kama waungwana. Anayetaka kulitumia neno lile zito awape hao, si Hamoud wala Hardinge.