Jumla ya alama haitoshi

"Unaendeleaje?" "Afadhali kidogo." Maneno hayo mawili ndiyo hujaza mafaili ya wagonjwa wa sonona kana kwamba ni kipimo. Aliyelala vizuri jana atasema afadhali; aliyegombana na mwenzake asubuhi atasema hali mbaya. Ndiyo maana natetea dodoso kama PHQ-9: maswali 9 kuhusu dalili za sonona katika wiki mbili zilizopita, kila jibu 0 hadi 3, jumla isiyozidi 27.

Ila dodoso nalo hutumiwa ovyo, hasa pale mtu anaposoma jumla na kufunga faili. Chukua aliyeanza na 18, sasa ana 12. Kushuka kwa alama 5 au zaidi huhesabiwa kuwa badiliko la maana, kwa hiyo kuna nafuu. Lakini hajafika 9, yaani nusu ya alikoanzia, sembuse chini ya 5, ambapo ndipo dalili huhesabiwa kuwa zimetulia. Sasa pitia jibu moja moja: usingizi umetoka 3 hadi 0, hamu ya kula 3 hadi 0, huku huzuni na kukosa raha vikibaki 3 kila kimoja. Kama anameza amitriptilini, dawa ya sonona ambayo yenyewe huleta usingizi na hamu ya chakula, alama zote 6 zilizoshuka huenda ni kazi ya dawa kumlaza na kumlisha. Sonona yenyewe haijaguswa.

Kurudia dodoso kila baada ya siku tatu nako ni bure, maana unapima siku zilezile ulizokwisha pima.

Kwenye skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, kuna mtego wa hesabu. PANSS, kipimo cha dalili za ugonjwa huo, ina vipengele 30, kila kimoja 1 hadi 7, kwa hiyo asiye na dalili yoyote hupata 30, si 0. Aliyetoka 90 hadi 60 hutangazwa kuwa amepungua theluthi. Toa kwanza zile 30: ametoka 60 hadi 30, nusu nzima. Kwa kosa hilo dawa inayofanya kazi inaweza kubadilishwa bure.

Swali la 9 la PHQ-9, la mawazo ya kufa au kujidhuru, halifai kusomwa kwa sauti mbele ya mume au mama. Jibu litakuwa 0. Mpe mgonjwa faragha. Akijibu hata 1, zungumza naye kabla hajatoka mlangoni, hata kama jumla yake ni 4.